Kanisa Ambalo Sikuingia

Mghoi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa hotelini, na umeniacha na amri kwamba nilale kidogo kwa sababu macho yangu ni mekundu tangu asubuhi. Sikulala. Nimekaa kwenye kitanda chako, nimechukua daftari ulilokuwa ukijifunzia Kiarabu, nimeligeuza nianzie nyuma kwenye kurasa tupu. Mwandiko wangu unaujua. Darasa la sita haliendi mbali. Ukikuta nimeruka herufi, iruke na wewe twende.

Sitaandika habari za pasipoti, wala za koti, wala za kula. Leo umeniambia mara tatu, "Mama, nimeshasikia," na mara ya tatu hukucheka. Basi hayo nimeyaacha. Dawa ya kifua iko mfuko wa pembeni. Hilo tu.

Nataka kukuandikia habari ya lile kanisa la Misri.

Kesho utafika Kairo, utapumzika, halafu siku ya tatu watakupeleka kwenye ule mji wa kale ukajifunze njia kabla mahujaji wako wa kwanza hawajafika. Watakuwa watu wa kwetu, Kenya, Uganda, na Tanzania, wanataka kuelezwa kwa Kiswahili. Utawapitisha kwenye yale makanisa ya zamani, moja baada ya jingine, na utawapandisha ngazi hadi lile la juu ambalo Wamisri husema linaning'inia, kwa kuwa lilijengwa juu ya lango la ngome ya kale na chini ya sakafu yake ni uwazi. Na ninajua utakachowaambia mwanzo kabisa. Ulikisema kwa yule mwenye kampuni ya kutembeza mahujaji siku alipokuhoji kwa simu, nami nilikuwa hapa upande wa pili wa pazia nakunja nguo. Ulimwambia, "Hili kanisa nalijua tangu nina miaka kumi na miwili. Mama yangu aliingia, akaegemeza paji la uso kwenye nguzo nyeusi, akaniombea." Yule mtu akakuuliza unaweza kuanza lini.

Mghoi, sikuingia.

Nimeandika hilo neno nikaenda dirishani nikasimama. Chini hapo yule Mnepali wa duka la kushona alikuwa anafunga mlango kwa ajili ya swala, watu wanapita na mikeka yao, na mimi nikasema moyoni, huu mtaa wetu wa Najma hapa Uarabuni wote haujui, mtoto hajui, ninaweza kuichana hii karatasi na kesho nikakupungia mkono tu. Nimerudi kukaa.

Mwaka ule ulikuwa una miaka kumi na miwili, na mimi nilikuwa nimetimiza miaka miwili kwa madam Mariam, yule Mmisri Mkristo niliyekuwa nikimlelea mwanawe Mina. Likizo yangu ilikuwa imefika. Nilikuwa nimekununulia lile gauni la njano. Bibi yako alishawaambia majirani Wundanyi nzima kwamba nakuja. Halafu madam akaniita jikoni, akasema wao wanakwenda kwao Kairo kwa harusi, mtoto amenizoea mimi, ningekwenda nao halafu likizo yangu nikachukua mwaka unaofuata. Akaniuliza, "Uko sawa na hilo?" Nami nikasema, "Niko sawa, madam."

Hakunilazimisha. Nimekuwa nikilisimulia jambo hili miaka yote kama kwamba nililazimishwa. Aliniuliza, akaningojea nijibu, hata mkono wake ulikuwa umeshika mlango wa friji haufungui. Ningesema mwanangu ananisubiri. Sikusema. Ulimi wangu ulikuwa umezoea jibu moja.

Ijumaa kabla ya safari nikawaambia wenzangu wa ibada kule kanisani Mesaimeer kwamba nakwenda Misri na madam amesema tutayazungukia makanisa ya kale. Unajua desturi yetu pale. Mtu akipata bahati ya kwenda mahali patakatifu, hata kama ni kwa ajili ya kusukuma kigari cha mtoto, anabeba maombi ya wengine. Walinizunguka pale uani, wanakata karatasi, wanaandikia magotini, wanakunja ndogo ndogo. Mama Nakato aliandika habari ya goti lake. Dada Phoebe wa Butere alichukua muda kuliko wote. Aliandika, akachana, akaandika tena. Ulikuwa hujamjua wakati huo. Alikuwa na kijana wake ambaye wakwe walimchukua yeye alipokuja Uarabuni, wakamwambia mtoto kwamba mama yake amewatupa. Alikuwa anaomba kitu kimoja, kwamba yule mtoto akubali kuzungumza naye kwenye simu.

"Usiweke chini," aliniambia. "Tafuta pa juu, penye ufa. Chini watafagia."

Mimi na yeye tulicheka kwa sababu sote ni watu wa kufagia.

Sasa sikiliza nilichokiona Misri, maana hiki ni cha kweli.

Tulifika asubuhi, kabla jua halijakaza. Unapita kwenye askari, halafu unaingia kwenye ua mrefu wenye picha za vijiwe vya rangi ukutani, na mbele yako ni ngazi. Nyingi, za mawe, za kwenda juu moja kwa moja. Kigari cha Mina hakiwezi kupanda. Na Mina alikuwa amelala, kinywa wazi, jasho puani. Madam akaniambia, "Baki naye hapa kivulini, akiamka nipigie." Wakapanda, yeye na bwana na wageni wa harusi, na Teta, ndivyo Mina alivyomwita bibi yake, akawa wa mwisho, anapanda ngazi moja anapumzika.

Mimi nikakaa kwenye ukingo wa bustani kwa sare yangu ya samawati, ile yenye kola nyeupe. Hata safarini nilivaa sare. Karatasi zilikuwa mfukoni, nazigusa zinavyochakarika.

Kutoka juu ilishuka harufu ya ubani. Haikuja yote mara moja, ilikuja ikipotea ikirudi, na sauti za watu wanaoimba kwa lugha ambayo Teta alisema hata wao hawaielewi vizuri, ni ya zamani mno. Nilikuwa nasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nikaanza kuwatazama watu wanaoshuka. Sijui nikuelezeje. Walipanda wakiongea, wakipigana picha, wakigombeza watoto, na waliposhuka kila mmoja alishuka na uso mwingine. Kuna mzee alishuka ameshika viatu vyake mkononi, amesahau kuvivaa. Kuna msichana wa umri wako wa sasa alishuka akasimama karibu nami, akaanza kunyoosha sketi yake, ananyoosha, ananyoosha, sketi yenyewe haijakunjika. Nilikaa pale nikausoma mlango kwa nyuso za watu.

Halafu Teta akashuka. Alikuja akajikalisha kando yangu, akaweka mkono kwenye kigari, akasema kwa Kiarabu chepesi ninachokielewa, "Haya binti, zamu yako. Nitakaa naye."

Nikamwambia, "La, Teta. Niko sawa."

"Wewe si Mkristo?"

"Ni Mkristo."

"Basi panda. Mtoto amelala."

"Niko sawa, Teta."

Akachoka nami, akafungua chupa yake ya maji.

Nimeligeuza hilo jibu miaka kumi. Mara nasema niliogopa Mina ataamka alie, madam anikasirikie. Mara nasema niliona aibu ya ile sare, nipite katikati ya wale watu waliovaa vizuri na mimi nimeandikwa kazi yangu mwilini. Yote ni kweli kidogo. Lakini nafikiri ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimekaa nje kwa muda mrefu mpaka nje pakawa kwangu. Nilikuwa nalaumu moyoni kwamba wameniacha, na nilipoitwa sikujua tena jinsi ya kuinuka.

Tulirudi nyumbani kwa Teta. Ndani ya gari walinieleza yote kwa furaha, madam ana roho nzuri. Dari ya mbao iliyopinda kama safina iliyopinduliwa. Mimbari inayosimama kwenye nguzo nyembamba za marumaru, na moja ni nyeusi, wanasema ni ya Yuda. Kioo sakafuni unachotazama chini ukaona uwazi. Na siku zilizofuata tukayazunguka mengine, lile lenye pango ambalo wanasema Yosefu na Maria walijificha humo na mtoto, na mengine nimesahau majina. Kote nilikaa nje. Kote ngazi, kote kigari. Teta hakuniambia tena.

Siku ya kufunga mizigo nilifua. Nilifua nguo za watu wote wa nyumba ile, na sare yangu nikaichanganya. Nilipoitoa kwenye mashine, mfuko ulikuwa na donge jeupe kama ugali ulioganda. Maombi yote. Nilijaribu kulifungua kwa kucha. Wino ulikuwa umekwisha kutoka.

Sasa hapo, mwanangu, ndipo ningeweza kuwa mwanamke mwingine.

Uliponipigia kwa simu ya bibi yako hukunisalimu. Uliuliza, "Mama, kwani ni kweli hukuja?" Nikasikia kuku wa bibi yako, nikasikia unavyopumua. Ningekwambia nimekosea, mwanangu, niliulizwa nikajibu vibaya. Badala yake nikasema, "Nilikwenda kukuombea." Ukauliza, "Wapi?" Nikasema, "Kwenye kanisa la kale kuliko yote niliyowahi kuona, linaning'inia juu ya lango." Halafu sauti yako ikabadilika, ukauliza, "Kulikuwaje ndani?"

Nikaingia, Mghoi. Siku hiyo ndiyo niliyoingia. Nikakuingiza na wewe.

Kila Ijumaa ulikuwa unauliza kitu kipya. Dari je? Nikajenga dari. Taa je? Nikatundika taa. Ulipotaka kujua kama sakafu ni ya baridi, nilivua viatu nikaikanyaga kwa ajili yako. Ile nguzo nyeusi nilikupa mwaka wa pili, wakati ulipofeli hesabu ukasema Mungu hakusikii. Nilikwambia niliegemeza paji la uso pale nikataja jina lako lote, la ubatizo na la bibi. Ukaacha kulia. Ni nani angeacha kujenga?

Mpaka nikaanza kuliota. Bado naliota. Ngazi zinakuwa laini kama unga uliokandwa, nazipanda bila kuchoka. Mlango unafunguka na ndani kuna ule ukungu wa asubuhi wa Wundanyi, mweupe, unaingia na kutoka kati ya nguzo, na watu wamekaa ndani ya ukungu siwaoni nyuso, naona migongo tu. Sakafu imelowa, imepigwa deki sasa hivi. Natembea kwa ncha za vidole nisiichafue, naangalia huku na huku namtafuta aliyepiga deki nimwombe radhi. Simwoni. Nikiamka miguu yangu ina baridi kweli, wewe umelala hapo kitanda cha chini, na kwa muda sijui ni lipi nililoliota, lile la kuingia au lile la kukaa nje.

Wale wa Mesaimeer nao niliwaambia nimeziweka karatasi zao. Zote, juu, penye ufa. Mama Nakato goti lake likapona, na kila mwaka husimama mbele kulishuhudia, ananionyesha kwa mkono, "Yule pale ndiye alinifikishia." Watu wanageuka. Mimi natazama chini wanasema Mama Mghoi mnyenyekevu. Kwake sijasema bado. Sijui nianzie wapi na goti linatembea.

Phoebe naye, yule mtoto wake hajampigia hata leo. Sasa ni kijana mkubwa.

Kilichoniamsha ni wewe. Juzi ulisema, "Mama, nikishapata miezi mitatu kazini nitakutumia tiketi, uje twende pamoja. Utanionyesha pale ulipoegemea." Nami nikasema nini? Nikasema, "Usijali, mama, mimi niko sawa." Wewe ukaendelea kupiga pasi. Mimi nikabaki na lile neno mdomoni kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Nikajua kwamba ninakupeleka ukasimame mbele ya watu, kwa kazi yako ya kwanza ya kweli, juu ya kitu ambacho mama yako alikishona. Na kwamba utamsimulia mtu kama Phoebe.

Kwa hiyo leo baada ya ibada nilimwambia yeye kwanza. Tulikuwa tumekaa ukingoni tunangoja basi, wewe uko na wale wa kwaya wanakupiga picha. Nilimwambia yote kwa haraka nisije nikarudi nyuma.

"Ulizifua," akasema.

"Nilizifua."

"Na sabuni."

"Na sabuni, Dada."

"Na ile dawa ya kunukia?"

"Hata hiyo."

Akacheka. Alicheka mpaka yule mama Mfilipino wa pembeni akacheka na yeye bila kujua. Nikafikiri imekwisha, nimepona kwa bei nafuu. Halafu akaacha, akaanza kujipangusa macho na kitambaa cha kichwa, na hakuacha kujipangusa.

"Kumbe Mungu hakukataa," akasema. "Kwani unajua nilivyokaa mimi? Goti la Nakato limesikilizwa, mtoto wangu hakusikilizwa. Nikasema basi, Mungu naye ameshasikia maneno ya wakwe. Nikaacha hata kupiga simu, Mama Mghoi. Nilikuwa napiga kila Jumapili. Uliporudi nikapiga mwaka mmoja, halafu nikaacha, nikasema kama hata kule kumeshindikana, mimi ni nani."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilifikiri nimemnyima karatasi tu.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Wacha kwanza. Usinishike." Basi likaja akapanda, akakaa mbele na akageukia dirisha. Mimi na wewe tulipanda lililofuata, ukaniuliza mbona Dada Phoebe hakutungoja, nikasema ana haraka. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwako, na sasa nimeusema.

Amenitumia ujumbe muda si mrefu, nikiwa hapa kwenye ule ukurasa wa Teta. Hajasema amenisamehe. Ameandika: "Nimepiga. Ameshika mkewe. Kumbe ameoa. Amesema atamwambia." Nimeusoma mara nyingi. Sijui kama ni habari njema. Sijui kama nina haki ya kusamehewa au hapana, nimeacha kutafuta.

Nawe sikuombi unijibu kabla ya kuondoka. Nitaiweka barua hii kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku, uikute ukiwa umeshakaa kwenye kiti chako na mimi siko mbele yako kukuharibia kwa uso wangu. Ukasirike vizuri. Una haki ya kuukasirikia mwaka ule wote, na gauni la njano ambalo lilifika likiwa dogo. Ulinisamehe likizo ile kwa ajili ya kanisa ambalo sikuingia. Msamaha huo nakurudishia, ni wako, uutoe tena au uuweke.

Siwezi kukufundisha kazi yako. Ila watu wako watakapopanda zile ngazi, patakuwa na mmoja amebaki chini. Ana mizigo ya wenzake, au miguu imemvimba, au ana mtoto wa mtu. Atakwambia yuko sawa. Usimwamini mara ya kwanza. Hata mara ya pili usimwamini. Mwulize ya tatu, na mkono wako uwe tayari umeshika ule mzigo wake.

Kama baada ya kusoma haya bado unataka nije, niambie, nitakuja. Nitavaa ile nguo yangu ya maua. Kama hutaki, niambie pia, usininyamazie, mimi nikinyamaziwa nawaza mabaya.

Na siku hiyo ya tatu watakapokupeleka, usipande na maneno yangu. Yaache pale uani. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuvuka mlango ule, wewe ndiye wa kwanza, kwa hiyo nenda polepole, hata kama mwenyeji wako ana haraka. Jioni unipigie. Nianzie mlangoni kabisa, mkono unashika nini, mguu unakanyaga nini. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu chochote. Nitauliza maswali ya kitoto, na wewe unijibu ulichokiona tu, na usichokiona useme hukukiona. Nitakuwa nimekaa hapa kitandani kwako, nimezima feni nisikose hata neno moja.

Mama yako